Mgonjwa Aliyeinuka

Siku tuliyomzika mwanangu Asha watu walinipa pole kwa maneno yale yale anayopewa kila mfiwa, nami nikaitikia kama inavyotakiwa. Lakini moyoni nilikuwa na neno moja tu: nimechoka kuuguza watu wasioinuka. Nilimuuguza mume wangu, hakuinuka. Nikamuuguza dada yangu kule Matombo, hakuinuka. Asha nilimuuguza mpaka nikawa nambeba mwenyewe kumtoa uani kuota jua, mtu mzima mwenye mtoto wa miaka minane, naye hakuinuka. Basi simbilisi wa mjukuu wangu alipougua, nilihangaika naye kama binadamu. Anayetaka kucheka na acheke.

Kwa asiyemjua, simbilisi ni mnyama mdogo wa kufuga, mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura, hana mkia, na akiwa na njaa hulia kama mlango usiotiwa mafuta. Kule Matombo watu wa misheni humfuga jikoni na kumla. Sisi kwetu hatumli, ingawa simkumbuki shehe aliyetukataza. Asha alipokuwa bado mzima alikwenda Matombo kufuata machungwa, akarudi na simbilisi mmoja ndani ya kikapu, mweupe, mwenye doa la kahawia juu ya jicho. Akampa binti yake Latifa. Latifa akamwita Kidoti.

Asha alikuwa anauza mitumba sokoni. Mimi nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo. Ruksa ya soko huria ilipokuja kila mtu akaruhusiwa kuuza, hata asiye na cha kuuza, na nguo kuukuu za Wazungu zikamwagwa mjini kwa marobota. Kiwanda chetu kikashindwa. Wakatupunguza sisi kwanza, wanawake, kisha wakampata mnunuzi, na mnunuzi akafunga geti kwa kufuli akasema tusubiri. Kwa hiyo kazi yangu iliuawa na nguo alizokuwa akiuza mwanangu mwenyewe, na kwa nguo hizo hizo alinilisha. Mtu akiniuliza uchumi ulikwendaje miaka ile, namjibu hivyo.

Asha alipougua, hospitali nako soko huria lilikuwa limeshatangulia. Kitanda kwa fedha, sindano kwa fedha, na fedha zilipokwisha daktari akatuambia kwa upole sana kwamba mgonjwa wa namna hii huhudumiwa vizuri zaidi nyumbani. Nyumbani ndiyo mimi. Nikajifunza kuchuja uji kwa kitambaa, kumlisha kwa bomba la sindano pembeni mwa mdomo kwa sababu ulimi ulikuwa na vidonda, kumgeuza, kumfuta kwa maji ya uvuguvugu. Latifa ndiye aliyekuwa akishika kikombe. Sikuwa na mwingine wa kukishika.

Msibani alikuja mtani wangu Dennis. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, alikuwa fundi wa mitambo kiwandani kwetu, na tangu kufuli lile anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Bigwa na mkewe Juliana na watoto wao wanne. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani tangu enzi za babu zao kupita kwetu na mizigo ya pembe kichwani. Mtani hana shikamoo. Akikutukana unacheka. Akimbeba kuku wako mchana kweupe mbele ya watu huku akitangaza, huyo si mwizi. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe na wazee watakutoza wewe. Na msibani ndiko hasa mahali pake. Mtani huchimba kaburi, huzuia jeneza, humwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke, kwa maana wahenga waliona kwamba mtu asiyecheka hata kidogo siku ile atapasuka.

Dennis aliifanya kazi hiyo barabara. Alivaa koti la kike kutoka katika mzigo wa Asha, akajifunga kanga kiunoni, akawa anapita kati ya watu akiyumbisha makalio kama yeye: “Chagua mama, chagua dada, bei ya kutupa!” Halafu akasimama mlangoni mwa chumba alimolazwa maiti. “Asha! Acha uvivu, amka, wateja wamejaa!” Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini, machozi na kamasi vinanitoka pamoja. Alipomaliza nikamwambia lile linalosemwa na kila mfiwa: mtani, nyumba ni yako, chukua ukipendacho. Akasema ada yake ataifuata siku akiona njaa. Tukacheka tena.

Latifa alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, ananitazama.

Miezi yote ile ya ugonjwa, na siku zote za matanga, hakuna aliyekumbuka kumkatia Kidoti majani. Tulimtupia pumba za mahindi tu, naye akala pumba. Asubuhi moja Latifa akaniita jikoni. “Bibi, Kidoti hasimami.”

Nilimnyanyua akapiga ukelele. Magoti yalikuwa yamevimba, manyoya yamesimama ovyo, udenda unamtoka. Nilipomweka chini alilalia ubavu, miguu ya nyuma imenyooka kama si yake. Nasema kweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kumtupa. Nilikuwa nimeshamaliza kuuguza. Nikatoka nje kuchanja kuni ili nisimwone.

Niliporudi nilimkuta Latifa ametandika kanga sakafuni. Ametoa lile bomba la sindano, kile kikombe, kile kitambaa cha kuchujia, vitu nilivyokuwa nimevificha darini ndani ya mfuko ili nisivione tena. Amekaa nilivyokuwa nikikaa mimi, mguu mmoja umekunjwa, kichwa cha Kidoti juu ya paja. “Kula kidogo tu,” alikuwa akimwambia. “Ukila utapona.”

Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa namwambia Asha hivyo kila siku mbele ya mtoto huyu, na Asha alikuwa anakula. Nikaona wazi kwamba mnyama huyu akifa, mjukuu wangu hataliamini tena neno lolote litakalotoka kinywani mwangu, na atakuwa na haki. Nikavua kanga ya begani nikakaa naye. Nilitaka mgonjwa mmoja wa nyumba ile ainuke. Mmoja tu, hata kama ni simbilisi.

Tulianza kwa ujinga. Siku zile maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona kama uyoga, na dawa ya kila kitu ilikuwa rangi mbili. Una kidonda, pasua kapsuli umwagie unga wake. Unaharisha, meza rangi mbili. Asha alimeza nyingi. Nikapasua moja, nikampa Kidoti unga kidogo katika uji. Kesho yake alikuwa ameharisha tumbo zima, amelowa nyuma, macho yamefifia, hata kupiga kelele hawezi.

Aliyetuokoa ni Stella, msichana aliyekuwa akisoma mambo ya mifugo chuoni na kupanga chumba changu cha uani. Alikuwa amekwenda kwao, akarudi siku hiyo hiyo. Hakuwa hata amefungua mlango wake.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Njoo umtazame huyu, mwanangu, tunamuua.”

Alimpapasa magoti, akamfungua mdomo akatazama fizi, akaniuliza anakula nini na amepewa nini. Nilipotaja rangi mbili akashika kichwa. “Usimpe tena, bibi! Tumboni mwake mna vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani. Dawa hiyo inavimaliza, na vikiisha na yeye kwisha. Halafu ugonjwa wenyewe ni njaa ya majani mabichi na matunda. Simbilisi ni kama sisi, asipokula vitu hivyo viungo vinavimba na fizi zinatoka damu. Mtafutieni mapera.”

“Mapera tu?”

“Mapera, machungwa, matembele. Kama hajachelewa.”

Mapera! Bigwa nzima yanaoza chini ya miti, tunayakanyaga tukienda kisimani.

Tukaanza upya. Latifa alichuma, mimi nikatwanga mapera na matembele katika kinu kidogo cha vitunguu, tukachuja, tukavuta maji yake kwa bomba. Stella alituonyesha kumlisha pembeni, nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone, na kungoja ameze, maana ukiharakisha unampalia. Hilo nilikuwa nalijua. Akatufundisha kumsugua tumbo taratibu kwa vidole viwili ili lisisimame. Usiku tulimlaza juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Nyuma tulimsafisha kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha, asije akapata funza. Siku alipotoa vijipunje vya mavi vigumu Stella alipiga makofi, na Latifa akavichukua mkononi akaja kunionyesha kana kwamba ni shanga.

Mara moja, tukiwa tunamlisha, Latifa aliniuliza, “Mama naye alikuwa amekosa mapera?”

“Hapana. Ule ulikuwa ugonjwa mwingine.”

“Lakini hatukumpa mapera.”

“Hatukumpa,” nikasema. Nikavuta maji mengine ya mapera kwa bomba.

Dennis alikuwa akipita karibu kila siku. Alikuwa amekonda, suruali imefungwa kwa kamba ya katani, lakini mdomo ulikuwa ule ule. “Hii ndiyo akili ya Mluguru,” alisema akiwa mlangoni. “Mnauguza kitoweo! Sisi Tabora msiba huu tungeshaumaliza kwa chumvi na limau.”

“Tabora gani, mpagazi wewe? Wenzako walirudi na shanga, wewe ukasahauliwa njiani kama furushi.”

“Latifa,” akamgeukia mtoto, “nipe ada yangu ya msiba. Bibi yako ameniahidi.” Akanyoosha mikono mirefu. Latifa akamficha Kidoti chini ya gauni, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akicheka tangu mama yake afe. Kwa kicheko kile ningempa Dennis nyumba. Ukawa mchezo wao: yeye anadai ada, mtoto anaficha mgonjwa, na mimi nachochea moto huku nikitukana Wanyamwezi wote, na kwa muda ule mfupi jikoni mwangu mlikuwa na uhai.

Kisha Kidoti akainuka. Latifa alikuwa ameweka ganda la pera mbali kidogo na kanga, kwa kumjaribu. Kidoti alilinusa kutoka pale alipo. Akajivuta kwa miguu ya mbele, akaanguka ubavu, akajivuta tena. Halafu miguu ya nyuma ikakunjika chini yake kama inavyotakiwa, akasimama, akatetemeka, akatembea mpaka kwenye ganda akaanza kulitafuna kwa kelele. Latifa hakupiga ukelele. Alinishika mkono tu akaubana. Mimi nililia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye mvi, nikimlilia mnyama wa kikapuni, na nilikuwa na furaha ambayo sikudhani nitaiona tena. Nilimwambia mjukuu wangu, “Umeona? Aliyekula amepona.” Akaitikia kwa kichwa, na nikajua ameniamini.

Siku ya soko nilishuka mjini na ndizi. Kidoti alikuwa ameshanenepa, anashinda uani chini ya tenga, Latifa akimhamisha kila nyasi zinapokwisha. Niliporudi alasiri tenga lilikuwa limepinduliwa chali, na Latifa amekaa pembeni yake.

“Kidoti yuko wapi?”

“Mtani amemchukua.”

“Kamchukua kumpeleka wapi?”

“Alisema ada yangu. Nikamficha. Akasema nipe. Nikampa mwenyewe, bibi, nilidhani atamrudisha.” Alikuwa ananiambia polepole, kama anayesoma. “Akapaza sauti barabarani, jamani eeh, naondoka na ada ya msiba, mashahidi wote mpo! Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hakurudi.”

Sikumbuki kama nilitua kapu au nililitupa. Nilimwambia Latifa abaki, nikajifunga kanga, nikaenda. Njiani niliyapanga maneno, na yalikuwa maneno ya kumtoa mtu ngozi. Ningemwambia kwamba yeye si mtani bali mbwa. Ningemwambia kwamba utani una mipaka, na mpaka wake ni yatima. Wazee wanitoze wanachotaka. Ningeipiga sufuria yake teke mbele ya mkewe, na utani wa Waluguru na Wanyamwezi ungeishia siku ile hapo Bigwa kwa mkono wangu.

Mlango ulikuwa wazi. Walikuwa wamekaa chini, wote sita, wamezunguka ugali. Mchuzi ulikuwa maji tu yenye rangi. Vipande vilikuwa vimekwisha. Simbilisi mmoja ana nyama gani? Wakubwa walikuwa wanafuta sahani kwa kidole, na mdogo wao, ambaye alikuwa bado hajajua kusema, alikuwa ananyonya mfupa mdogo kama kijiti, amefumba macho. Watoto hawakuwa na mashavu. Sikuwa nimewatazama muda mrefu. Nani alikuwa na nafasi ya kutazama watoto wa mwenziwe? Karibu na jivu ilikuwapo ngozi, imekunjwa, doa la kahawia linaonekana.

Juliana aliniona kwanza. “Shikamoo mama Asha,” akasema akiangalia sakafu, na mkono wake ukaenda kuifunika ile ngozi kwa kipande cha gunia.

Dennis aliruka akasimama. “Mtumwa wangu huyo!” Sauti yake ilijaa nyumba nzima. “Umekuja kuosha vyombo? Ada nimeshaichukua, na ushukuru sikukuchukua wewe, nyama yako ngumu!” Alikuwa ametanua mikono na mdomo umecheka mpaka jino la mwisho. Macho hayakucheka. Macho yalikuwa yananiomba. Sijapata kuombwa vile, hata na Asha.

Nikaelewa, na sikutaka kuelewa. Alikuwa amesubiri geti lifunguliwe, halikufunguka. Mtu ambaye enzi za kiwanda alikuwa akituletea nyama nyumba hadi nyumba kila mwisho wa mwezi hawezi kuja kusema watoto wangu wana njaa. Atasema mtani nipe ada yangu, atasema tena kesho na keshokutwa, na sisi tutacheka. Siku zote zile jikoni kwangu alikuwa anaomba, na mimi nilikuwa namjibu matusi na kuchochea moto.

Sasa nyama ilikuwa midomoni mwa watoto wake, nao wanne walikuwa wananitazama. Nikikasirika, baba yao ni mwizi. Nikicheka, ni mtani. Hakikuwapo kitu cha tatu.

“Mpagazi wewe!” nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikaisukuma. “Babu zako walibeba pembe za ndovu. Wewe umeishia kubeba simbilisi!”

Watoto wakaangua kicheko. Juliana alishusha pumzi. Dennis akajipiga paja, akacheka akilia, na mimi nikacheka. Nikacheka kwa nguvu, nimeshika kizingiti, mpaka mbavu zikaniuma, kama siku ya Asha. Hasira sikuitema, niliimeza. Nilikuwa nataka kumuua mtu, lakini aliyestahili kuuawa hakuwamo katika nyumba ile, na wala sikuwa najua anakaa wapi. Soko huria lilikuwa limetunyang'anya kazi, hospitali na mashavu ya watoto. Lilikuwa limetuachia utani, na siku ile huo nao tuliula.

Nilipogeuka nilimkuta Latifa nyuma yangu. Hakuwa amebaki nyumbani nilivyomwambia. Alikuwa ameona ugali, ameona gunia lisilofunika vizuri, na alikuwa ameniona mimi.

Nikamshika mkono tukarudi. Milima ilikuwa imevaa mawingu yake ya jioni, na mapera yalikuwa yameanguka njiani kama kawaida. Hakulia. Tulipokaribia kwetu akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mtoto anayetaka kujua jambo la kawaida, “Bibi, na mimi nikifa utacheka?”

Nikachuchumaa mbele yake nikamshika mabega, nikamwambia hapana. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama siku za mwisho, nilipokuwa bado namwambia kwamba mama yake atapona.